Paka wa Wifi

Sikumpenda yule paka hata siku moja, na naanza kwa kusema hivyo ili asitokee mtu akanisifu kwa huruma nisiyokuwa nayo. Alikuwa dume, mweupe wa kukaribia manjano, sikio moja limeng'atwa likabaki kipande, na pembezoni mwa macho yake tongo hazikuisha. Akila mende alianza na kichwa, nasi tukisikia. Wageni wakiketi kunywa chai, yeye alikuja katikati ya mkeka, akainua mguu wa nyuma na kujilamba pale pasipotajwa, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Mama yangu alikuwa akinikumbusha kwamba paka katika dini yetu si najisi, najisi ni mbwa. Sikubishana na dini. Nilibishana na huyu mmoja.

Mimi nina pua. Wengine wamejaliwa sauti, wengine mkono wa kupika, mimi nilijaliwa pua, na sijui nani aliiomba. Hata leo siwezi kula kwa mtu ambaye kitambaa chake cha kufutia vyombo hakijakauka vizuri. Utotoni kwetu Garissa, pua hiyo ilikuwa adhabu, maana mji ulikuwa wa mifugo, wa jua na wa ngozi zilizoanikwa, na kila upepo ulileta habari ambayo mimi sikuitaka.

Paka alikuwa mali ya wifi yangu. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka sukari na mchele Wajir na wakati mwingine Liboi, na katika safari hizo ndipo alipomwona msichana wa Hadado, binti wa watu wa ngamia. Akamposa, akamleta kwetu, kisha akarudi barabarani. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na paa la bati, yenye sebule na vyumba vitatu vya kulala. Kimoja cha mama, ambaye alikuwa mjane, kimoja nililala mimi pamoja na magunia ya mchele, na kimoja cha maharusi, ingawa kwa sehemu kubwa ya mwaka humo alikuwamo harusi mmoja tu. Alikuwa hajafika miaka ishirini na hakumjua mtu mjini. Basi akamwokota huyo paka kando ya soko la mifugo, kitu cha kukaa kwenye kiganja, kimejaa viroboto, akamlea.

Na alimlea kwa namna ya kunitia kichefuchefu. Alimnywesha maziwa ya ngamia kiganjani, kiganja kilekile alicholia wali. Paka alikuwa na tabia ya kunyonya pindo la ushungi wake mpaka linalowa mate, na yeye alimwachia, akisema maskini alikosa titi la mama yake. Usiku alilala shingoni kwake. Kaka aliporudi safari, paka alimngurumia kutoka kitandani, na kaka alicheka akasema kumbe amekuta bwana mwenzake. Mimi sikuona cha kuchekesha. Wifi nilimpenda, alinisuka nywele bila kunivuta na alinihadithia visa vya ngamia wakaidi, lakini kila aliponiita nikae karibu yake, niliangalia kwanza kama yule yupo.

Wifi alijifungua mwaka ule wa mvua kubwa, ambao kila mtu wa Kaskazini Mashariki aliyekuwa hai anaukumbuka kwa harufu. Mto Tana ulivunja kingo, barabara zikakatika, na malori yakazama kwenye matope mpaka milangoni. La kaka lilikuwa mojawapo, mahali fulani mbele ya Wajir, na habari zake tulizipata kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Vyoo vilitapika. Mbuzi walikufa wakavimba kwenye madimbwi na hakuna aliyetaka kuwagusa. Nzi walikuwa wengi hata mtu aliongea huku amefunika mdomo. Nguo hazikukauka, zilianikwa ndani zikaota madoa ya kijani, na ukilala uliona shuka linakunata kama ulimi. Katikati ya uozo huo alizaliwa mtoto wa kiume, mzima, mwenye nywele nyingi, na mama yangu akafunga mlango wa chumba cha wifi kwa sababu arobaini imeanza.

Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hatoki, haswali. Hulishwa supu na samli, na asubuhi na jioni chumba chake hufukizwa uunsi, yaani ubani uliopikwa na sukari na mafuta mazuri ukawa vipande vyeusi vya kunata. Siku ya kutimiza, wanawake hukusanyika, mzazi hutolewa, na chetezo huzungushwa ili kila mmoja afukize nguo zake. Harufu ndiyo heshima ya mwanamke kwetu. Anaweza kuwa maskini, anaweza kuwa na sura ya kawaida tu, lakini akipita watu wakasikia kibaya, neno hilo litamtangulia kila nyumba atakayoingia.

Mama alikuwa na masharti yake. La kwanza lilikuwa paka. Paka hulala juu ya kifua cha mtoto mchanga akamnyima pumzi, alisema, kwa hiyo paka atoke na asiingie mpaka arobaini iishe. Hilo nililiunga mkono kwa mikono miwili. La pili lilihusu majivu. Majivu ya chetezo cha mzazi hayatupwi kabla ya siku kutimia, maana mwenye husuda akiyakanyaga, maziwa ya mama hukauka. Sijakutana na mtu mwingine mwenye imani hiyo, hata katika ukoo wetu, lakini mama aliirithi kwa mama yake na hapakuwa na wa kumpinga. Chetezo chenyewe kilikuwa fahari yake, jiwe jeupe la kuchongwa, pana kama beseni dogo, lililovuka mpaka pale Liboi pamoja na bibi yangu. Makaa ya leo yaliwekwa juu ya majivu ya jana, na ya jana juu ya ya juzi, mpaka pakawa na kitanda laini cha kijivu ndani yake. Kufukiza kukiisha, chetezo kilitolewa kikawekwa barazani kando ya mlango, ili mtoto asipate joto.

Paka siku ya kwanza alidhani ni makosa. Alikaa mbele ya mlango kwa adabu, mkia umezungushwa miguuni, akingoja wenye akili wafungue. Siku ya pili alilia. Sauti yake haikuwa ya paka, ilikuwa ya mlevi anayeliita jina la mkewe dirishani. Mtoto naye akalia ndani, paka akasikia, akanyamaza. Niliona sikio lake zima likigeuka. Kuanzia hapo alijua kwamba ndani kuna mwingine, na kwamba huyo mwingine anajibiwa.

Wivu wa paka ni mchafu, sijui vinginevyo nitauitaje. Alianza kutuletea vitu. Asubuhi nilifungua mlango wangu nikakuta kichwa cha mjusi kafiri kimewekwa mbele ya chumba cha wifi, macho wazi. Kesho yake nusu ya panya, ile nusu ya nyuma. Halafu chura, ambaye alikuwa bado anapumua. Mimi ndiye niliyekuwa naviokota kwa karatasi ya gazeti, pumzi nimezibana, na yeye alikaa mita mbili mbele akinitazama kwa dharau kwa sababu zawadi hazikuwa zangu. Aliangusha nepi za mtoto kutoka kwenye kamba, akazichagua zilizokuwa hazijatakata, akazilalia. Maziwa niliyomwekea kwa amri ya mama hakuyagusa mpaka yakaganda na nzi wakafia humo. Wifi alimsemesha kupitia upenyo wa mlango, sauti ya chini, akimwambia nenda zako, mpenzi, hawataki. Naye alisukuma mguu wake wenye manyoya machafu chini ya mlango, kidole kwa kidole, na wifi, nina hakika, aliushika.

Kisha ikaja harufu.

Sikumbuki siku yenyewe, nakumbuka tu kwamba niliingia na bakuli la supu jioni, chetezo kikiwaka, nikarudi nyuma. Ilikuwa sukari iliyoungua, na chini ya sukari palikuwa na kitu kikali, mfano wa dawa ya kulainishia nywele, kilichopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Supu ikanimwagikia mkononi. Mama alisema ni unyevu. Akaongeza uunsi.

Siku zilizofuata nilinusa kila kitu. Nilinusa mkeka, godoro, kuta, kisanduku cha bati cha wifi, nilinusa hata mtoto, ambaye alinukia maziwa na kichwa cha mtoto. Palipopoa sikuona kitu. Palipofukizwa, uvundo ulisimama kama mtu. Na dawa ya mama ilikuwa moja. Chumba kikinuka, aliongeza kipande. Kikizidi, aliongeza kingine. Akatumia fungu lote la mwezi, akaagiza jingine kwa jirani, akalipika upya kwa mafuta ya waridi, na kila alivyolipika vizuri zaidi ndivyo nilivyotaka kutapika zaidi. Wageni walikuja kumwona mzazi, wakaketi humo macho yakiwachuruzika, wakasema mashallah, nyumba inanukia. Wanawake watu wazima. Walifunua ushungi wao wauingize moshi ule kwenye nywele, wakainua gauni ili upande mapajani, wakashukuru, wakaenda zao wakinuka.

Mmoja tu ndiye aliyesema. Alikuwa mke wa mwalimu, mtu wa Ukambani, jirani wa nyumba ya tatu. Alileta unga wa uji kwa ajili ya mzazi, akaketi kidogo, akakunja pua bila kuficha.

"Mama," alimwambia mama yangu kwa Kiswahili, "hamjaona kama paka amekojoa mahali humu?"

"Baka?" mama alisema. "Baka gani? Baka haingii hii chumba, mlango iko fungwa siku yote. Wewe naona baka hapa?"

"Simwoni."

"Basi."

Mwanamke akaaga. Mama akageuka kwangu akaniambia kwa lugha yetu kwamba watu wa bara hawana uunsi, ndiyo maana hawajui kupambanua manukato na mkojo wa paka. Lakini maneno yalikuwa yamemwingia. Jioni ileile, tukichambua mchele barazani, chetezo kimepoa karibu na goti lake, alisema alichokuwa akikiwaza kwa muda mrefu.

"Chumba ni kisafi, nguo ni safi, uunsi ni wa kwangu mwenyewe. Mwanamke akinuka katikati ya uunsi, basi uvundo unatoka ndani yake."

Alikuwa amemuuliza rafiki yake mmoja mzee, na huyo mzee akathibitisha. Ni ugonjwa wa tumbo la uzazi, hauponi, na mwanamume huugundua akiwa amechelewa. Mama alikuwa ameshapanga. Arobaini ikitimia, mama mzazi wa wifi atakuja kutoka Hadado kama ilivyo desturi, na akiondoka ataondoka na binti yake. Kaka yangu bado kijana, wasichana hawajaisha Garissa. Alisema hayo bila chuki, akitoa mawe kwenye mchele. Ukuta wa udongo ulikuwa mwembamba, na kitanda cha wifi kilikuwa upande wa pili wa ukuta huo.

Kesho yake wifi aliniomba maji ya kuoga, na tena mchana, na tena jioni. Maji yenyewe yalikuwa ya tope, niliyachuja kwa kitambaa. Aliomba sabuni ya kipande, ile ya kufulia, akajisugua nayo mpaka ngozi ya mikono ikapasuka. Aliomba ndimu. Nilimkuta anajipaka ndimu kwenye mipasuko hiyo, midomo ameibana.

"Niambie kweli," alisema. "Ninanuka?"

"Chumba kinanuka. Wewe sijui."

"Hujui kwa sababu hukaribii."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kama kawaida yangu. Nje ya mlango paka alikuwa amejikunja ubavuni mwa chetezo, mahali pakavu kuliko pote kwenye baraza lile, akisubiri. Nilimpiga teke la kumwonya. Hakuondoka, alisogea tu upande wa pili wa jiwe.

Mvua ilipungua siku chache kabla ya arobaini, na mama yake wifi akafika akiwa amebadilisha malori matatu au manne, miguu imekaukiwa na tope mpaka magotini. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache. Mama alimkaribisha vizuri, akamchinjia mbuzi, na chai ya pili ilipomiminwa akamwambia kwa sauti laini kwamba msichana amechoka, ingefaa amchukue akapumzike.

"Apumzike nini, na mumewe yuko njiani?" mgeni aliuliza.

"Apumzike tu."

Mgeni alikitazama kikombe chake. Alielewa, kila mwanamke angeelewa. Hapo penye mkeka ndoa ya binti yake ilikuwa inavunjwa kwa chai ya maziwa, na yeye pia alikuwa ameingia chumbani kumkumbatia mwanawe na alikuwa amesikia alichosikia. Usiku huo kisanduku cha bati kilifungwa kamba.

Wanawake walijaa asubuhi, wamevaa magauni mepesi ya rangi, mapindo yamelowa tope. Chetezo kiliwekwa katikati ya mkeka wa sebuleni, majivu yake yamesawazishwa, kikingoja makaa. Mimi nilikuwa nje napepea jiko, makaa ni mabichi na moshi unaniua. Wifi alitoka chumbani kwake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda, amejifunga ushungi mweusi wa mwanamke aliyeolewa, mtoto mikononi. Wote wakasema mashallah. Akaketi karibu na mama yake, nami nikasimama mlangoni na makaa yangu kwenye koleo.

Paka alipita katikati ya miguu yangu.

Hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja mpaka gotini kwa wifi, akapandisha mguu mmoja wa mbele, akakuta paja lina mtu. Akamnusa mtoto unyayo. Wifi hakumfukuza, mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka kumshika kichwa. Ndipo mama yangu akavua ndara, akampiga nayo mgongoni.

Paka alirudi nyuma mpaka katikati ya mkeka. Alimtazama wifi. Kuna watu wamenieleza tangu siku hiyo kwamba paka hana makusudi, kwamba nje palikuwa na maji na mnyama alitafuta tu mahali pakavu pa kufukua. Hao hawakuyaona macho yake. Alipanda kwenye chetezo kama mtu anayeingia chooni kwake mwenyewe, akafukua majivu mara mbili, akageuka ili amwelekee wifi, akachuchumaa. Mkia ukatetemeka. Chumba kizima kilisikia majivu yakinywa. Ilichukua muda mrefu, nadhani alikuwa ameubana makusudi. Alipomaliza alifukia, akakung'uta mguu wa nyuma, na akaketi pembeni akaanza kujilamba.

Mkojo wa paka ninaujua. Lakini mkojo wa paka uliokaukia kwenye majivu siku baada ya siku, ukapashwa moto na kuvikwa ubani, sukari na mafuta ya waridi, ni kitu kingine, na namwomba Mungu msomaji asikutane nacho. Sasa nilielewa kila jioni ya mwezi ule. Tulikuwa tumempikia. Alileta chake, sisi tukaleta makaa na manukato, tukakiingiza kwenye nywele zetu, kwenye mito, kwenye kanzu ya kaka iliyotundikwa ikimsubiri.

Mwanamke mmoja aliinua mkono wa gauni lake akaunusa, akaushusha polepole. Wa pili akafanya vilevile. Yule aliyekuwa akisifu uunsi wetu kuliko wote aliinuka, akatoka, na tukamsikia anatapika ukutani. Kisha mzee mmoja, rafiki wa mama, yuleyule mjuzi wa magonjwa ya tumbo, akasema kwa sauti ya mtu anayejiuliza peke yake: "Sala zangu. Nimeswali na nguo hizi."

Hapo ndipo lilipowapata sawasawa. Mkojo ni najisi, na mwenye najisi mwilini au nguoni hana sala. Walianza kuhesabu kwa macho tu, alfajiri, adhuhuri, alasiri, na nyuso zikawa za kijivu. Katika nyumba ile mmoja tu hakuwa na sala ya kuharibika, kwa kuwa mzazi haswali. Ni yule waliyekuwa wamekuja kumwona akifungashwa.

Mama yangu hakutazama mtu. "Leta makaa," aliniambia.

Sikusogea.

"Leta makaa. Shughuli haijaisha."

Naapa angeyaweka. Angeweka makaa juu ya majivu yale mabichi na angekizungusha chetezo, na wale wanawake, kwa adabu tuliyolelewa nayo, wangeinua magauni yao wakashukuru. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo kuliko paka. Alikuwa tayari watu wote wanuke ili yeye asiwe amekosea.

Wifi alimpa mama yake mtoto. Akainuka, akakiinua chetezo kwa mikono miwili, ile mikono iliyopasuka, akanipita mlangoni na makaa yangu, akakipindua juu ya tope la uani. Majivu yaliporomoka mazito, vipande vipande, kama uji uliolala. Mama alikuwa amemfuata mpaka kizingitini, mkono mbele, kwa ajili ya imani yake ya majivu.

"Maziwa yangu yakikauka, hooyo," wifi alisema, akimwita mama kwa lugha yetu, "yakauke."

Mama alisimama. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mwezi mzima. Alisogea karibu, akainua pindo la ushungi mweusi, akaweka pua yake kwenye shingo ya wifi, mbele ya watu wote, akanusa. Nilijua atakachokikuta. Sabuni ya kufulia na ndimu.

"Binti yako haendi popote," mama alimwambia yule mgeni.

Wifi ndiye aliyejibu, ameinamisha macho. "Kisanduku kimeshafungwa, hooyo."

Kaka alipotoka kwenye matope alimfuata Hadado, wakapanga nyumba Wajir, na kwetu hawakurudi kukaa tena. Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ya pili baada ya shughuli ile, lori la kuelekea kaskazini lilisimama barabarani, na sisi wawili, mimi na mama, tukaenda kuwasindikiza. Mama alikuwa amechagua ushungi wake mzuri, ule wa hariri, na ulikuwa mzuri kwa sababu ndio aliokuwa akiufukiza kila siku tangu mtoto azaliwe. Alikuwa ameufua mara mbili. Ubani haufuliki upesi, na kile kingine hakifuliki kabisa.

Wifi alipanda mbele pamoja na mama yake. Paka aliingia bila kuitwa, tongo zake na sikio lake bovu, akajikunja mapajani mwake akaanza kunyonya pindo la ushungi. Hakuna aliyemtoa. Mama aliomba amshike mjukuu wake kidogo kabla gari halijaondoka, na wifi akamkabidhi kupitia mlangoni. Mama akamlaza kifuani, akamfunika na hariri ile ili jua lisimpige, akaanza kumsomea dua. Mtoto alikunja uso. Akapiga chafya, akapiga nyingine, akaanza kulia kwa kukwaruza.

"Samahani, hooyo," wifi alisema. Hakupandisha sauti, na macho yake yalikuwa chini kama mkwe anavyotakiwa. "Nguo zako zinanuka. Mtoto ataumwa kichwa."

Akanyoosha mikono. Mama akamrudisha. Lori likaondoka, na mama akabaki ameishikilia mikono vilevile, imepinda kwa umbo la mtoto. Mimi niliyekuwa ubavuni mwake nilisogea pembeni kidogo, kwa sababu kweli alikuwa ananuka.